Mzee Katsube Apeleka Gari Kukaguliwa

Huku Japani mtu akizeeka hulipwa pensheni. Gari likizeeka huongezewa kodi. Mzee Katsube Mitsuzo alilisema neno hilo kila mwezi wa tano, bili ya kodi ya gari ilipoletwa na posta, na kila mwaka alilisema kana kwamba ndiyo kwanza amelivumbua. Kisha alikwenda kulipa siku hiyo hiyo, akarudi na kulifuta gari lake kwa kitambaa, kama mume anayemwomba mkewe radhi kwa matusi ya jirani.

Gari lenyewe lilikuwa saluni nyeupe ya gia za mkono. Alilinunua jipya mwaka ambao binti yake Chizuru alianza sekondari, na sasa Chizuru mwenyewe alikuwa akipaka nywele rangi kuficha mvi. Kiwanda kilishaacha kutengeneza vipuri vyake siku nyingi, lakini Mitsuzo alikuwa ameliona hilo likija. Maisha yake yote alifanya kazi katika karakana ya matrekta ya chama cha ushirika, na alijua kwamba chuma hakimwachi mtu ghafla, huaga kwanza. Basi banda ambalo mkewe alikuwa akianikia matunda ya kaki, makubwa kama nyanya, likageuzwa stoo. Humo mlikuwa na alteneta mbili, rejeta, pampu ya maji iliyofungwa kwenye gazeti, na milango mitatu ya upande wa kushoto. Kwa nini mitatu, na kwa nini ya kushoto yote, hata yeye hakuweza kueleza.

Chizuru alikuwa amewahi kupiga hesabu ya petroli, oili, kodi na vipuri, akamwonyesha baba yake kwamba kwa fedha hizo angekuwa na gari jipya dogo, lile linalojipigia breki lenyewe.

"Gari linalojipigia breki," Mitsuzo alisema, "mimi ndani yake ni nani? Mzigo?"

Lakini ukweli ni kwamba hakuling'ang'ania gari kwa ubishi tu. Kijiji chao kiko juu kwenye milima ya Shimane, na basi hupanda huko Jumanne na Ijumaa peke yake. Mkewe, Itsue, alikuwa chini bondeni, katika makao ya wazee. Kiharusi kilimpata majira ya baridi ya mwaka juzi, kikamwacha na mkono wa kulia usioshika kijiko na ulimi uliokuwa mzito ingawa haukuwa umesahau kuchoma. Wauguzi walijaribu kumlisha, wakaambulia vijiko vitatu. Akija Mitsuzo, Itsue alikula bakuli zima. Kwa hiyo kila jioni, mvua ama theluji, Mitsuzo aliteremka kona za mlimani na kikopo cha figili za chumvi alizokatakata ndogo ndogo, akamlisha, akapanda tena. Pasipo gari, hapakuwa na jioni hizo.

Chizuru, aliyekuwa akiishi Hiroshima, alikuwa na dawa yake. Alikuwa amepata nyumba ya kupanga ya vyumba viwili karibu na makao, mahali ambapo mtu angefika kwa Itsue kabla chai haijapoa. Mitsuzo alikwenda kuitazama. Alisema inanuka rangi mbichi na haina mahali pa kuweka hata jeki. Nyumba ya mlimani ilijengwa na babu yake, na alikuwa amekusudia kutolewa humo akiwa amelala.

Ikafika zamu ya ukaguzi, ambao huja kila miaka miwili. Sheria ya huku ni kwamba gari lisilopita ukaguzi haliruhusiwi kukanyaga barabara. Fundi aliyezoea kulipeleka alikuwa amefunga gereji yake, na wale vijana wa kwenye maduka ya magari mapya walilitazama kwa heshima, kama watu waliofika matangani, wakamletea vitabu vya picha za magari mengine. Mitsuzo akaamua kulipeleka mwenyewe, kama sheria inavyomruhusu mwenye gari. Chizuru akaja kutoka Hiroshima kushuhudia, na wakiwa kwenye kifungua kinywa akaweka bakuli lake la supu chini.

"Baba, tukubaliane. Likipita leo, sitataja tena habari ya kuacha kuendesha mpaka ukaguzi ujao. Miaka miwili nitafunga mdomo."

"Utaweza wewe? Mdomo huo?"

"Nitaweza. Lakini likifeli, unarudisha leseni na unahamia ile nyumba. Bila lakini."

"Halitafeli."

"Sijauliza hilo. Nauliza kama tumekubaliana. Unasoma magazeti, Baba. Kila wiki kuna mzee amekanyaga mafuta badala ya breki, ameingia dukani na gari mpaka kwenye rafu ya mikate."

"Hao ni wa otomatiki!" Mitsuzo alipiga goti kwa furaha, maana hapa ndipo alipopapenda. "Mguu mmoja hauna kazi, basi na akili nayo inaenda matembezi. Gari la klachi halikupi nafasi ya kuota ndoto. Kesi ya otomatiki usinibambike mimi."

"Tumekubaliana au hatujakubaliana?"

"Tumekubaliana."

Alikuwa na hakika. Wiki nzima alikuwa chini ya gari: kabadilisha raba za ekseli, kaosha injini mpaka unaweza kulia wali juu yake, kakaza kila nati. Ile hirizi ya kibandiko ya kutoka hekaluni, ya kulinda safari, aliibandua kwenye kioo cha mbele, kwa sababu wakaguzi hawataki kitu kwenye kioo, hata kama ni cha miungu. Njiani kwenda Matsue injini ilivuma vizuri, naye akawa anaimba puani. Chizuru alikaa nyuma, kama alivyozoea tangu sekondari, na begi lake magotini.

Kwenye kituo cha ukaguzi abiria hushuka. Chizuru alikwenda kwenye ujia wa watazamaji, ulioko mbali nyuma ya uzio, na Mitsuzo akajipanga kwenye foleni miongoni mwa mafundi wa gereji waliokuwa wakisinzia ndani ya magari ya wateja wao. Mkaguzi akalizunguka gari akiligonga gonga kwa nyundo ndogo. Indiketa, honi, waipa. Kisha gari huingia kwenye mashine, na juu huwa kuna kibao cha taa kinachokuambia ufanye nini. Duara likiwaka umepita, alama ya kosa ikiwaka umefeli.

Magurudumu, duara. Breki, duara. Taa za mbele, kosa.

Mitsuzo alikitazama kile kibao kama mtu aliyetukanwa kanisani. Kipimo cha taa kilikuwa kimebadilika tangu mara ya mwisho. Zamani walipima mwanga mkubwa, sasa wanapima mdogo, na vioo vya ndani vya taa zake vilikuwa vimefifia bila yeye kuona, kwa sababu alizoea giza lile kidogo kidogo. Hata hivyo, siku moja inakubali majaribio matatu. Hakutoka nje kumweleza Chizuru. Alilipeleka gari moja kwa moja kwenye gereji ndogo iliyoko ng'ambo ya barabara, iliyojiwekea mashine ya kupimia na inayokula kwa watu wa namna yake.

Mwenye gereji, Adachi, alikuwa mnene na mchangamfu, na biskuti mkononi.

"Mzee, taa hizi zina makengeza," alisema. "Moja inatazama korongo, nyingine inatazama juu kwa mwezi."

"Zinyooshe. Usinisimulie."

"Nazinyoosha. Vioo vimechoka, lakini tukiweka balbu mpya na kuzielekeza sawasawa zitapita. Leo. Ukija miaka miwili ijayo, uje na taa nyingine."

"Ninazo bandani," Mitsuzo alisema uongo. Alikuwa na milango mitatu.

Akarudi kwenye mstari. Taa, duara. Moyo ukatulia, na pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa kuwa alishaanza kuiona jioni yake: Itsue, figili, na Chizuru aliyefunga mdomo kwa miaka miwili. Kilichobaki ni kipimo cha spidi. Magurudumu ya nyuma hukaa juu ya roli za chuma, unaendesha huku umesimama palepale, na ukifika arobaini unawasha taa mara moja. Alifanya hivyo vizuri kabisa. Duara. Kibao kikaandika: KANYAGA BREKI.

Akakanyaga. Injini ikapiga kelele.

Aliona mshale wa spidi ukipanda sitini, ukapanda themanini. Akafikiri breki zimekatika. Na mtu breki zikimkatalia hufanya nini? Hukanyaga zaidi. Akakanyaga mpaka mwisho, kwa nguvu zake zote, na gari likalia mpaka mabati ya paa yakaitikia. Kwenye kipaza sauti mtu alikuwa akiita, "Mguu, mzee! Toa mguu!" Mitsuzo akainama kuutazama mguu wake. Kiatu kilikuwa kwenye mafuta. Alikiona wazi, kiatu chake cha kahawia, na bado ilichukua muda kabla hakijamtii. Na ile klachi, iliyotakiwa kumlinda, ilikuwa hapo pembeni, na mguu wake wa kushoto umelala sakafuni usingizi wa pono.

Gari halikuwa limesogea hata kidole, kwa sababu ya roli. Mbele yake, hatua chache tu, fundi mmoja kijana alikuwa amesimama nyuma ya kigari cha bluu, amempa mgongo, akiandika kitu. Kijana aligeuka, akamtazama, akarudi kwenye maandishi yake.

Mkaguzi akaja dirishani. "Kiatu kimeteleza?"

"Kimeteleza," Mitsuzo alisema.

"Hutokea. Turudie hapo mwisho."

Wakarudia, na mara hii mguu ulifanya ulichoambiwa. Mkaguzi hakuuliza zaidi. Kazi yake ilikuwa kupima gari, na gari lilikuwa zima. Mitsuzo akapewa cheti chake na kibandiko kidogo cha kwenye kioo, cha miaka miwili. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na badala ya kukibandika akakiweka mfukoni.

Chizuru alikuwa akimngojea kwenye maegesho na makopo mawili ya chai ya moto kutoka kwenye mashine. Alikuwa anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli.

"Nimeshaona cheti mkononi, usijifanye. Hongera, Baba. Nimeshindwa, nimekubali. Kunywa chai." Akamkabidhi kopo. "Lakini kuna mtu huko ndani ameua injini leo. Nimesikia gari linalia, nikasema, masikini, huyo nani? Kutoka kule uzioni haionekani kitu. Lilikuwa la nani?"

Mitsuzo alishika kopo. Lilikuwa la moto na hakulisogeza. Neno moja lilitosha. La mwingine. Hata uongo mzito haukuwa. Fundi wa kigari cha bluu hakumjua, mkaguzi alishasahau. Angeweza kulisema na jioni zake zote zingebaki mahali pake, pamoja na nyumba ya babu. Alitamani kulisema kuliko alivyotamani kitu chochote kwa miaka mingi. Akaiona tena ile shingo ya kijana, iliyonyolewa vizuri nyuma, ikiwa imeinamia karatasi.

"Lilikuwa langu," alisema.

"Lako? Lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu. Nilikanyaga mafuta. Nikidhani breki. Na nilipoona halisimami nikaongeza. Pasingekuwa na roli, sasa hivi tungekuwa tunazungumza na polisi. Kulikuwa na mtoto wa watu mbele yangu."

Chizuru hakusema "nilikwambia". Angesema, ingekuwa nafuu. Aliangalia pembeni, kwenye magari yaliyopangwa, na machozi yakamtoka, yeye aliyekuja mwendo wote kutoka Hiroshima akiomba jambo kama hili litokee. Mitsuzo hakuwahi kujua kulia na mtu. Akatoa ufunguo mfukoni akamnyooshea.

"Basi endesha wewe. Tutachelewa kwa mama yako."

Chizuru akafuta macho kwa kiganja, akautazama ufunguo, na kicheko kikamponyoka katikati ya kilio.

"Baba, siwezi. Leseni yangu ni ya otomatiki tu. Sheria hainiruhusu."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na minane! Wewe ndiye ulinipeleka chuo. Ulisema klachi itanichanganya."

Mitsuzo akafikiri, akakumbuka. Basi wakawa wamesimama hapo na gari lenye cheti, binti asiyeruhusiwa na mzee aliyejikataza. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini, wanasema, lakini zizi lilikuwa mbali na barabara ilikuwa na watoto wa shule. Chizuru ndiye aliyewakumbuka madereva wa walevi.

Huku mtu akinywa hata glasi moja haruhusiwi kugusa usukani. Kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao ni kukurudisha nyumbani na gari lako: huja wawili, mmoja anaendesha la kwako, mwenzake anafuata nyuma na la kwao. Ni biashara ya usiku, na Mitsuzo, asiyewahi kunywa akiwa na gari maisha yake yote, alikuwa akiwadharau wateja wake. Sasa aliweka simu sikioni saa tisa mchana.

"Mko baa gani?" mwanamke aliuliza.

"Hatuko baa. Tuko kituo cha ukaguzi wa magari."

"Mmekunywa huko?"

"Hakuna aliyekunywa, mama."

"Usione haya, mzee. Wengine huanza asubuhi. Tunakuja."

Alikuja mwenyewe yule wa kwenye simu, Wakatsuki, mwanamke wa makamo mwenye glavu nyeupe, na mumewe nyuma katika kigari kidogo. Aliposikia ni klachi alisugua mikono kwa furaha. Chizuru akaingia kiti cha nyuma, na Mitsuzo, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, akaingia kwa mlango wa kushoto wa gari lake, mlango ambao alikuwa ameuwekea akiba ya mitatu, akaketi mahali pa Itsue. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, kwa kipimo cha mwanamke mfupi. Magoti yalimgusa dashibodi, lakini hakukirudisha nyuma.

"Lo, klachi laini hii!" Wakatsuki alisema walipoingia barabarani. "Nani fundi wako?"

"Mimi."

"Mzee, umelilea hili."

Mitsuzo alifurahi, na akaona haya kwamba hata katika siku kama ile bado aliweza kufurahi. Barabara ikaacha mji na kuanza kona. Wakatsuki aliendesha vizuri ila kwa haraka kidogo, na penye kona ya kwanza mguu wa kulia wa Mitsuzo ukaruka wenyewe kukanyaga sakafu, kutafuta breki isiyokuwapo.

Ukatumbukia kwenye shimo.

Akainama. Zulia la upande wa dereva alikuwa amelibadilisha mara nyingi. La upande huu lilikuwa lile lile lililokuja na gari, na lilikuwa jipya karibu lote, isipokuwa pale mbele, mahali pa ncha ya mguu wa kulia. Hapo lilikuwa limelika kabisa, duara lenye ukubwa wa tunda la kaki, mpaka bati lililo chini linang'aa. Alilitazama muda mrefu, yeye aliyejua kila nati ya gari hili.

"Chizuru," alisema bila kugeuka. "Hapa pamefanya nini?"

Chizuru akachungulia katikati ya viti. "Hapo? Ni Mama. Si alikuwa anapiga breki."

"Breki gani?"

"Zake. Kila kona. Tangu niko sekondari namwona. Nilidhani unajua."

Hakujua. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba mkewe ni abiria mtulivu, hapigi kelele kama wake za wenzake. Kumbe kila alipokata kona akiimba puani, kando yake kulikuwa na mtu anayesimamisha gari kwa mguu mmoja, kimya kimya, mpaka akatoboa zulia. Mitsuzo aligeuza uso dirishani, na Wakatsuki, aliyezoea walevi wanaolia, akapunguza mwendo bila kuulizwa.

"Ile nyumba inayonuka rangi," Mitsuzo alisema baadaye, karibu na daraja la bondeni. "Imeshapata mtu?"

"Bado."

"Wapigie simu."

Walifika makao chakula kikiwa kinagawiwa. Wakatsuki aliliegesha gari, akakataa nyongeza, akaondoka na mumewe. Mitsuzo akaketi kando ya kitanda, akafungua kikopo cha figili, akaanza kumlisha Itsue uji wa mchele, na kati ya kijiko na kijiko akamsimulia kila kitu, kuanzia taa zenye makengeza hadi mguu na nyumba. Itsue alisikiliza akitafuna. Hakuonekana kushangaa popote.

"Nimeliona lile zulia," Mitsuzo alisema mwishoni. "Miaka yote ulikuwa unaogopa. Kwa nini hukuniambia, Mama Chizuru?"

Itsue alimeza kwanza. Maneno yake yalitoka polepole, moja moja, ila yalitoka yakiwa mazima.

"Ningekwambia, Baba Chizuru," alisema, "ungesikia?"

Akafungua mdomo kungojea kijiko kingine.